Udi Unahitaji Kasha Lake

 

Taarabu ikimalizika, mwimbaji hutunzwa, mpiga udi akapewa mkono, watu wakatawanyika kwa furaha. Mimi ninalouliza ni hili: ule udi unarudi vipi nyumbani? Mara nyingi unarudi ndani ya mfuko wa kitambaa, umepakatwa kwenye daladala iliyojaa, au umelazwa nyuma ya gari pamoja na spika na makopo ya nyaya. Ukifika nyumbani unaegemezwa pembeni mwa ukuta, au unawekwa juu ya kabati hadi shughuli ijayo. Siku ukishushwa, uso una ufa, kidaraja kimebanduka, na mwenyewe anasema, "Ah, udi huu umezeeka."

Mimi nasema haukuzeeka. Haukuhifadhiwa. Udi unaopigwa kila siku na mkono unaoujua unaweza kuishi umri wa watu wawili. Kinachouua ni njia na pembe ya chumba. Na kinga yake haihitaji kuagizwa ng'ambo. Ni kasha la mbao linaloweza kutoka kwa seremala wa mtaani kwako, au kwa mikono yako mwenyewe ukiwa na msumeno, tepu na subira.

Tuanze na udi wenyewe, kwa sababu huwezi kukijengea nyumba kitu usichokijua umbo lake. Tumbo la udi ni vibao vyembamba vilivyopindwa kwa moto na maji, vikaunganishwa kimoja kimoja kwa gundi. Uso wake, ule ubao mweupe wenye tundu la nakshi, una unene wa kama milimita 2 tu, na ndani umeshikiliwa na mataruma membamba. Juu ya uso huo mwembamba kimegundishwa kidaraja, na kidaraja hicho ndicho kinachobeba mvuto wa nyuzi zote. Udi wetu wa kawaida una nyuzi 11, jozi tano na uzi mmoja wa peke yake. Zikikazwa sawasawa, kwa pamoja zinavuta kwa nguvu inayozidi kilo 30, usiku na mchana, hata udi ukiwa umelala. Kisha kuna kichwa chenye vigingi, ambacho kimepindishwa nyuma karibu pembe mraba.

Kwa hiyo udi una sehemu tatu za kuogopewa: uso, kidaraja, na pale shingo inapokutana na kichwa. Kasha zuri ni lile linaloziacha sehemu hizo tatu bila kuguswa na kitu chochote.

Mbali na kuguswa na kugongwa, udi una adui mwingine: hewa yetu. Mbao haifi ikikatwa. Huendelea kunywa na kutoa unyevu. Ikinywa, hutanuka kwa upana wake, lakini kwa urefu hubadilika kidogo mno. Ndiyo maana nyufa za uso wa udi hufuata mistari ya mbao kutoka juu kwenda chini. Pwani yetu unyevu wa hewa aghalabu ni asilimia 75 na zaidi, na masika, kuanzia Machi hadi Mei, kuta zenyewe hutoa jasho. Watengenezaji wengi wa ala za nyuzi hupendekeza unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Udi ukipelekwa Ulaya wakati wa baridi, kwenye nyumba zenye vipasha joto, hewa hukauka hadi asilimia 30 au chini yake. Mbao iliyoshiba maji ya Unguja inasinyaa kwa ghafla, na uso unapasuka.

Mbao inaweza kuzoea unyevu, na inaweza kuzoea ukavu. Isichokiweza ni kutoka huku kwenda kule kwa saa chache. Kasha lenye kifuniko kinachobana, lenye mbao na kitambaa ndani, hupunguza kasi ya mabadiliko hayo. Hewa ya nje inaweza kugeuka asubuhi, mchana na usiku, lakini ya ndani ya kasha inageuka polepole, na udi unapata muda wa kuifuata.

Pia kuna joto. Udi nyingi zimeunganishwa kwa gundi ya asili inayotokana na ngozi za wanyama. Mafundi wanaipenda kwa sababu inafunguka kwa joto na unyevu, ikawezekana kukarabati udi bila kuuvunja. Lakini sifa hiyohiyo ni hatari ndani ya gari lililofungwa vioo juani, ambapo joto linaweza kupita nyuzi 60 za Selsiasi. Gundi inalegea huku nyuzi zinavuta. Kasha litachelewesha joto hilo, lakini halitalizuia. Kwa hiyo kanuni ya kwanza, kabla ya kununua hata msumari: udi hauachwi ndani ya gari juani, uwe na kasha au usiwe nalo.

Sasa, msikilizaji, tuingie kiwandani. Watu wa pwani hatuna udhuru katika hili. Sisi ndio wenye makasha ya njumu, yale masanduku makubwa ya mbao yaliyopigwa vichwa vya shaba, yaliyotunza nguo za maharusi na hati za viwanja. Sisi ndio wenye milango ya nakshi na majahazi. Ala za nyuzi zimevuka bahari hii kwa vizazi. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kiliundwa Unguja mwaka 1905, na mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi nyimbo zake. Ufundi tunao, na historia ya safari tunayo. Kilichobaki ni kuvikutanisha.

Lakini kasha la udi si kasha la njumu. Lile la njumu linakaa mahali pamoja miaka 50, na uzito ndio heshima yake. Hili litabebwa. Likiwa zito, mpigaji ataliacha nyumbani, na kasha lililoachwa nyumbani halimkingi mtu. Kwa hiyo usitafute mninga wala mvule. Tafuta plaiwudi: ya milimita 6 kwa ubavuni, na ya milimita 4 kwa chini na juu. Shiti moja ya futi 8 kwa 4 inatosha na kusalia. Nguvu ya kasha itatoka kwenye kona na maungio yake, unene wa mbao ni jambo la mwisho.

Pima udi wako mwenyewe, usipime wa jirani. Ulaze kifudifudi juu ya boksi lililokunjuliwa, na chini yake tandika kanga, uchore kuuzunguka. Kisha pima kimo chake kutoka mgongoni hadi juu ya kidaraja. Udi wa kawaida una tumbo lenye upana wa kama sentimita 36 na kina cha karibu sentimita 19, lakini zipo ndogo na zipo kubwa. Kila upande ongeza sentimita 3 kwa ajili ya sponji. Pale kwenye kichwa ongeza zaidi, na kumbuka kwamba udi ukilala chali, kichwa kinaelekea chini. Lazima kipate nafasi ya kuning'inia bila kugusa sakafu ya kasha.

Usihangaike kupinda plaiwudi ifuate mviringo wa tumbo. Chora umbo la mistari iliyonyooka: pana upande wa tumbo, likijibana taratibu kuelekea shingoni, na mwisho mwembamba wa mraba kwa kichwa. Kila kona weka ndani ufito wa mbao laini ya sentimita 2 kwa 2, upake gundi nyeupe ya mbao, ubane kwa kamba au vibanio, na uiache mpaka kesho yake. Skrubu ndogo zinasaidia, lakini ni gundi ndiyo itakayoshika.

Hapa pana siri ya mafundi ambayo naipenda kuliko zote. Nilisimama kibarazani kwa fundi mmoja, mtu mzima, akimtengenezea kijana mpiga udi. Kijana aliona sanduku limegongwa pande zote, chini na juu, halina mlango wala tundu. Akashangaa. "Mzee, sasa udi utaingilia wapi?" Fundi hakumjibu kwa maneno. Alichukua kipande cha ubao kama kipimo, akakiegemeza penseli, akakiburuta kulizunguka sanduku zima mpaka mstari ukakutana na mwanzo wake, sentimita 7 kutoka juu. Kisha akashika msumeno wa meno madogo akaanza kukata juu ya mstari uleule, polepole, upande baada ya upande. Kila alipomaliza upande, alichomeka vipande viwili vya boksi kwenye mkato ili sanduku lisiubane msumeno. Alipofika mwisho, kifuniko kikajitenga chenyewe. "Mwanangu," akasema, "ukijenga chini na juu mbalimbali, havitakutana abadani. Hivi vimezaliwa pamoja."

Ndivyo ilivyo. Kifuniko kilichokatwa kutoka kwenye sanduku moja kinakaa sawa hata kama fundi alikosea nusu sentimita kwenye kona. Baada ya hapo piga msasa, kisha gundisha kwa ndani kibao chembamba kinachochomoza juu ya ukingo wa sehemu ya chini, kizunguke pande zote. Kibao hicho ndicho kinachozuia mvua na vumbi kupita kwenye mwanya. Bawaba ziwe tatu, zote kwenye ubavu mmoja ulionyooka, mbili kuelekea tumbo na moja karibu na shingo. Vibanio vya kufungia viwe viwili au vitatu. Nje, kasha likivishwa turubai iliyopakwa rangi ya mafuta, litastahimili manyunyu ya kupanda na kushuka boti ya Pemba.

Tumefika ndani, na hapa ndipo kasha linapostahili jina lake. Watu wengi wanajaza sponji ya godoro pande zote, wakiona laini wanaridhika. Sponji laini peke yake ni hatari. Udi ukidondoka, sponji inajikunja yote, na tumbo linagonga mbao kama vile hakukuwa na kitu. Zinahitajika tabaka mbili. Tabaka la nje, linalogusa mbao, liwe gumu na lisilonywa maji. Na vitu hivyo tunavyo miguuni: ndala. Ndala zilizochakaa, zikaoshwa vizuri na kukaushwa, hukatwa vipande na kugundishwa chini na pembeni. Zinapokea kishindo na hazigeuki donge kwa unyevu. Juu yake ndipo ije sponji ya godoro, ile nzito na si ile inayobonyea hadi mwisho kwa kidole kimoja.

Tumbo la udi likae kwenye bonde ulilolichonga kwenye sponji kwa kisu kikali cha mkate. Kata kidogo, weka udi, tazama, kata tena. Kisha tengeneza mto wa shingo: kipande cha mbao chenye mkato wa mviringo, kimevishwa ndala na sponji, kinachoishika shingo karibu na pale inapoungana na tumbo. Uzito wote wa udi ubebwe na sehemu hizo mbili, mgongo na shingo, kama mtoto ndani ya mbeleko. Kichwa kisilale juu ya kitu chochote. Wako watu wanaoweka kijimto chini ya kichwa wakidhani wanakionea huruma. Kasha likianguka, kijimto hicho hukisukuma kichwa huku na udi unakwenda kule, na shingo inavunjika.

Sasa jaribio. Utajuaje kwamba kifuniko hakigusi kidaraja, na ukishafunga huoni ndani? Kanda kidonge cha unga na maji kidogo, kigumu, ukubwa wa zabibu. Funika kidaraja kwa kipande cha nailoni na kitambaa, weka kidonge juu yake, funga kasha, fungua. Kama kidonge kiko kama ulivyokiweka, weka kikubwa zaidi, mpaka upate kimoja kilichobonyezwa. Unene uliobaki ndio nafasi yako. Ukiona chini ya sentimita moja, punguza sponji ya kifuniko au inua ukingo. Kifuniko kiruhusiwe kugusa udi mahali pawili tu: kwenye kingo za tumbo, ambapo uso unaungana na mbavu zake, na juu ya shingo. Katikati ya uso, kamwe.

Visha sponji yote kitambaa cha pamba kilichofuliwa mpaka wanga ukatoka. Mahameli inapendeza, na kanga kuukuu inafanya kazi vilevile. Usiache plastiki wala ngozi ya bandia iguse vanishi ya udi, kwa maana zinaweza kunatana na kuacha alama. Na kama umetumia gundi yenye harufu kali ya kulevya, kasha liache wazi kivulini mpaka harufu iishe kabisa kabla hujauingiza udi. Mvuke wa gundi hizo unaweza kuharibu vanishi, na kwenye pafu la fundi nako si salama. Fanyia kazi hiyo uwanjani.

Mshikio usiuweke katikati kwa kukisia. Weka udi ndani, funga, kisha laza kasha juu ya mpini wa fagio ulisogeze mpaka lisimame bila kuelemea upande. Utakuta mahali penyewe pako karibu zaidi na tumbo. Hapo ndipo mshikio ukae, ufungwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani na washa pana, wala si kwa skrubu za juujuu. Plaiwudi ya milimita 6 haishiki skrubu ya kubeba mzigo.

Kasha likiisha, linataka adabu yake. Udi ukitoka kupigwa, futa jasho la mikono kabla ya kuufungia, la sivyo utakuwa umefungia ukungu. Kasha lisilale sakafuni, maana mchwa wanaipenda plaiwudi kama sisi tunavyoupenda udi, wala lisibane ukuta wa nje wakati wa masika. Vile vipakiti vya chembe za kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya vinasaidia, lakini kimoja kidogo hakitoshi kasha zima, na kikishashiba hakina kazi tena hadi kikaushwe. Ukisafiri kwenda nchi ya baridi, ukifika usifungue kwa papara. Acha kasha limefungwa kwa saa kadhaa ndani ya nyumba, mbao izoee. Na kabla ya kupanda ndege legeza nyuzi kidogo, usizilegeze zote zikaning'inia, kwani uso umezoea mvuto huo na ukiondoka wote kwa pamoja nao ni mshtuko.

Haya niliyoyasema kwa udi yanafaa pia kwa fidla, na kwa ala ya kanuni, yenye ngozi chini ya kidaraja chake, ngozi inayolegea kwa unyevu mpaka sauti ikafifia. Vipimo vitabadilika, lakini misingi ni ileile: beba penye nguvu, acha wazi penye udhaifu, na zuia mabadiliko ya ghafla.

Naomba niseme na viongozi wa vikundi vyetu, kwa heshima zote. Kila mwaka tunakaa vikao vya sare mpya, vya vipaza sauti na vya usafiri. Ni matumizi ya haki. Lakini sare haitoi sauti. Udi ukipasuka uso, wanaojua kuubadilisha uso huo ni wachache, na huko nyuma tumepoteza ala ambazo hakuna tena anayeweza kuzirudisha. Cha kuvunda hakina ubani. Kikundi chenye udi tatu kiwe na makasha matatu kabla ya sare ya nne. Na mafundi seremala, hii ni kazi mpya mlangoni mwenu. Akija mpigaji na udi wake kwapani, msimwambie kwamba mnatengeneza vitanda na makabati tu.

Naomba niseme pia na zile nyumba ambazo babu au mjomba alikuwa mpigaji, na udi wake bado umetundikwa msumarini sebuleni kama pambo. Teremsheni jioni hii. Tazameni uso kwa tochi kutoka ubavuni, muone kama kuna ufa au kama kidaraja kinainuka kwa nyuma. Kikiinuka, legezeni nyuzi taratibu na mtafuteni fundi wa udi. Kisha chukueni tepu mpime urefu, upana na kina, muandike kwenye karatasi. Karatasi hiyo ndiyo mtakayompelekea seremala kesho asubuhi.